Matiti Hayakui kwa Kuongeza Vidonge: Ukweli Ambao Zahanati Haipaswi Kuuficha

Kigwa, wilayani Uyui, ni mahali palipojulikana na wasafiri muda mrefu kabla ya reli kufika Tabora. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita hapo baada ya kuvuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, na Henry Morton Stanley alipataja katika habari za safari yake ya mwaka 1871. Nguo, shanga na pembe zilipita njia hiyo, na pia watu waliofungwa minyororo. Siku hizi bidhaa zinazofika katika vijiji vya njia ile ya zamani ni nyingine kabisa, na mojawapo ni pakiti ndogo ya vidonge vya uzazi wa mpango. Hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na huuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 kisha yakaenea Tanzania Bara.

Pakiti hiyo inastahili kutajwa mwanzo kabisa, kwa sababu mazungumzo kuhusu homoni kwa wanawake transijenda hufanywa kana kwamba yanazihusu Dar es Salaam, Nairobi na Ulaya peke yake. Hospitali kubwa ndizo zenye madaktari bingwa wa homoni, kweli, lakini homoni zenyewe zipo kila mahali. Katika nchi nyingi zisizo na kliniki za tiba hii, dawa ambayo mwanamke transijenda huipata kwanza ni kidonge cha uzazi wa mpango, akielekezwa na mwenzake au na kichwa chake mwenyewe. Hakuna sababu ya kuamini kwamba Tabora ni tofauti. Mhudumu wa zahanati ya kijijini anayedhani kwamba habari hii haitamfikia huenda imekwisha kupita mbele yake bila yeye kuitambua.

Mwanamke transijenda ni mtu aliyeandikishwa mwanamume alipozaliwa lakini anayejitambua kuwa mwanamke. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliiondoa hali hiyo katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya masuala ya afya ya ujinsia. Miongoni mwa mabadiliko ambayo wengi wao huyatazamia kutokana na homoni, matiti huwa juu ya orodha. Hilo si ajabu wala si upuuzi. Matiti huonekana chini ya shati, hugusa namna mtu anavyosimama mbele ya kioo na mbele za watu, na ndiyo yanayowafanya wengine wameze zaidi ya walichoambiwa.

Kinachotokea mwilini ni kile kile kinachotokea kwa msichana anayebalehe. Kabla ya balehe, titi la mvulana na la msichana halina tofauti ya maana. Wote wana mifereji michache ya maziwa nyuma ya chuchu. Estrojeni ikipatikana ya kutosha, na testosteroni ikishuka, mifereji hiyo hurefuka na kuchipua matawi, vijitezi huanza kujengeka, na mafuta hukusanyika kuizunguka. Dalili ya kwanza huwa ni kokwa dogo gumu chini ya chuchu, lenye maumivu likiguswa au likisuguliwa na nguo. Mara nyingi hujitokeza kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Upande mmoja unaweza kuutangulia mwingine kwa wiki kadhaa, na hilo peke yake si ugonjwa. Ukuaji huendelea polepole, na miongozo ya kimataifa husema kwamba kikomo chake hufikiwa baada ya miaka miwili hadi mitatu.

Na kikomo hicho, kwa wengi, ni cha chini kuliko walivyotazamia. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa kliniki za Ulaya uliowafuatilia wanawake transijenda 229 katika mwaka wao wa kwanza wa tiba. Tofauti kati ya mzunguko wa kifua kwenye matiti na mzunguko wa kifua chini yake ilifikia wastani wa sentimita 7.9 tu. Sehemu kubwa ya ukuaji ilitokea katika miezi sita ya mwanzo. Karibu nusu ya washiriki, mwaka ulipokwisha, walikuwa bado chini ya kipimo kidogo kabisa cha sidiria. La kuzingatia zaidi ni kwamba kiwango cha estradioli katika damu hakikutabiri nani angekua zaidi. Aliyekuwa na homoni nyingi hakumpita aliyekuwa na kiasi cha kutosha.

Matokeo hayo yangepaswa kujulikana na kila anayekabidhi pakiti ya vidonge dirishani. Mtu akijua kwamba titi lina mwendo wake, na kwamba kuongeza dawa hakuuharakishi, sababu kubwa ya kuzidisha dozi inaanguka. Asipoambiwa, miezi minne ikipita na kifua bado kikionekana kama zamani, atafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: kidonge kimoja hakikutosha, basi viwe viwili, viwili havikutosha, basi viwe vinne.

Hapo ndipo hatari ilipo, na inaweza kuelezwa kwa tarakimu. Kidonge cha kawaida cha uzazi wa mpango chenye homoni mbili huwa na mikrogramu 30 za ethinilestradioli. Hii ni estrojeni iliyotengenezwa kiwandani, ambayo ini huivunja kwa shida, na ambayo hulichochea ini hilo hilo kuzalisha zaidi protini zinazogandisha damu. Kwa mwanamke anayezuia mimba, kidonge kimoja kwa siku ni salama kwa walio wengi, na makala hii haina nia ya kumtia hofu. Lakini vidonge vitatu kwa siku ni mikrogramu 90, na vinne ni 120. Madaktari wa Amsterdam waliwahi kuwapa wanawake transijenda mikrogramu 100 za dawa hiyo kila siku, pamoja na siproteroni ya kuzuia testosteroni. Walipochapisha mwaka 1989 matokeo ya wagonjwa 303, matukio ya damu kuganda ndani ya vena yalikuwa mara 45 ya yale yaliyotarajiwa. Leo miongozo inasema wazi kwamba ethinilestradioli isitumike katika tiba hii. Mtu anayejiandikia vidonge vinne dukani anairudia, bila daktari na bila kipimo, dozi ambayo waliokuwa na madaktari na vipimo waliiacha.

Mkoa wa Tabora una jambo jingine la kuongeza hapa. Ni mkoa wa tumbaku, unaolimwa Urambo, Kaliua, Uyui na Sikonge, na sigara huzidisha hatari ya damu kuganda kwa mtu anayetumia estrojeni. Swali la sigara linapaswa kuulizwa pamoja na swali la vidonge. Dalili za kuangaliwa ni mguu mmoja kuvimba, shavu la mguu kuuma na kuwa na joto, pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma wakati wa kuvuta hewa, au kukohoa damu. Yeyote mwenye dalili hizo hapaswi kusubiri kesho, na anapaswa kutaja dawa anazotumia hata kama hajaulizwa. Kijana wa miaka 24 anayeonekana mwanamume, mwenye afya, anayekuja akihema, hadhaniwi kirahisi kuwa na donge la damu kwenye mapafu. Atapewa dawa ya nimonia. Kinachokosekana katika uchunguzi wake ni neno moja ambalo yeye anaogopa kulisema na mhudumu hakuwaza kuliuliza.

Sindano ya miezi mitatu nayo hutafutwa kwa lengo hilo hilo, na hapa ukweli ni mfupi: haina estrojeni. Hushusha testosteroni, lakini haikuzi titi kwa yenyewe, na ikitumika kwa muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa. Uwatu, unaosifiwa sokoni kwa kuongeza matiti, haujathibitishwa kufanya hivyo. Krimu zisizotaja viambato vyake ni pesa iliyopotea, pengine na ngozi iliyoharibika. Kuchomwa mafuta au silikoni ya majimaji kifuani ni jambo la kukataa bila mjadala, kwa kuwa vitu hivyo vinaweza kusababisha usaha, kuharibu umbo moja kwa moja, na hata kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua.

Wapo watumishi wa afya, tena wema, wanaosema kwamba kumweleza mtu habari hizi ni kumhamasisha. Hoja yao inastahili jibu la heshima. Aliyefika kwenye kituo akiwa na kokwa chini ya chuchu hahitaji kuhamasishwa, amekwisha kuanza. Kunyamaza hakumwondolei vidonge, kunamwondolea tu maelezo. Na maelezo yenyewe, yakisomwa bila woga, yanaelekea upande wa kiasi: ukuaji ni wa taratibu, una mpaka, dozi kubwa hailipi, kidonge cha uzazi wa mpango si dawa ya kazi hii. Ni vigumu kuona uhamasishaji uko wapi katika maneno hayo.

Wala si kweli kwamba mhudumu wa Tabora hana uzoefu wa matiti kwenye kifua cha mtu anayejulikana kuwa mwanamume. Wanaofanya kazi katika kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU waliyaona mara kwa mara katika miaka ya efavirenzi, kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake. Wanaotibu moyo huyaona kwa wanaotumia spironolaktoni, na wanaotibu ini huyaona kwa wagonjwa ambao ini lao limesinyaa. Wavulana wengi hupata kokwa la kupita wakati wa balehe. Katika hali zote hizo mhudumu huuliza kwa utulivu: yalianza lini, yanauma, kuna majimaji yanayotoka, unatumia dawa gani. Hacheki wala hamwiti mwenzake aje kutazama. Utaratibu huo huo, bila kuongezwa chochote, ndio anaoustahili mwanamke transijenda. Mhudumu mwenye ujuzi hukosa jibu kwa sababu moja tu: swali la dawa huulizwa nusu. Likiulizwa kwa ukamilifu, "kuna dawa yoyote unayotumia, hata ya kununua dukani, hata ya uzazi wa mpango?", na likiulizwa mlango ukiwa umefungwa, mara nyingi jibu hupatikana.

Swali hilo lina faida hata pale ambapo matiti si tatizo. Rifampisini, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja estrojeni. Efavirenzi nayo hufanya vivyo hivyo, ilhali dolutegraviri haiingiliani nayo kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mtu anayeanza dawa za kifua kikuu na kuona matiti yamesimama kukua anaweza kuongeza vidonge, au, vibaya zaidi, kuacha rifampisini. Hapo homoni zinakuwa suala la kijiji kizima, kwa kuwa kifua kikuu kisichotibiwa vizuri huambukiza jirani asiyehusika kwa lolote.

Pale tiba inapofanywa na daktari, hutumika estradioli yenyewe, ile inayofanana na ya mwili, ya kumeza, kubandika au kuchoma. Miongozo ya Chama cha Endokrinolojia ya mwaka 2017 inapendekeza estradioli katika damu iwe kati ya pikogramu 100 na 200 kwa mililita, na testosteroni ishuke chini ya nanogramu 50 kwa desilita. Vipimo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Anayetumia spironolaktoni hupimwa pia potasiamu, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipandisha hadi ikavuruga mapigo ya moyo. Yote hayo yanahitaji maabara ambayo zahanati haina. Kuongeza projesteroni ili titi liwe kubwa au la mviringo zaidi ni jambo linalopendwa sana na wagonjwa na hata baadhi ya madaktari, lakini ushahidi wake haujatosha, na daktari mwaminifu hukiri hivyo kabla hajaandika cheti.

Mgonjwa naye ana mambo ya kuyapima kabla ya kidonge cha kwanza, na hakuna anayemtendea wema kwa kumficha. Tishu ya titi ikishajengeka haiyeyuki dawa zikiachwa. Anayetaka kurudi nyuma baada ya miaka miwili atahitaji upasuaji. Uwezo wa kupata mtoto hupungua na unaweza kupotea kabisa, na katika jamii ambayo swali la watoto huulizwa katika kila msiba na kila harusi, uamuzi huo si wa kufanyia dukani. Nguvu za kiume hupungua. Baadhi huyakubali haya yote kwa moyo mweupe. Wengine, wakiambiwa mapema, huamua kusubiri. Wote wawili wanahitaji habari zile zile.

Saratani ya titi huzungumzwa kwa namna mbili mbaya: ama haitajwi, ama hutumika kama fimbo ya kutishia. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 uliangalia wanawake transijenda 2,260 na kukuta 15 waliopata saratani ya titi iliyopenya kwenye tishu. Hiyo ni mara 46 ya kiwango cha wanaume wengine, lakini ni chini sana ya kiwango cha wanawake wengine, takribani theluthi moja. Kwa maneno ya kawaida, titi lililokua kwa homoni ni titi, na lina hatari za titi, si zaidi. Uvimbe mgumu usiohama, ngozi iliyovutwa ndani, chuchu inayotoa damu au tezi zilizovimba kwapani havipaswi kupuuzwa kwa kisingizio kwamba ni homoni tu. Wala mgonjwa asifukuzwe kwenye foleni ya uchunguzi wa matiti kwa sababu ya jina lililo kwenye kadi yake.

Jina, kwa hakika, huamua mengi kuliko stethoskopu. Nchini Kenya, Audrey Mbugua alilazimika kwenda Mahakama Kuu ya Nairobi, iliyoamua mwaka 2014 kwamba Baraza la Mitihani litoe cheti chenye jina lake jipya. Zahanati haihitaji amri ya mahakama ili kuepuka kupaza sauti ukumbini. Inatosha kumuuliza mgonjwa kwa faragha angependa kuitwaje, au kumwita kwa namba kama wanavyoitwa wengine.

Inabaki hofu ya sheria, nayo si ya kubuni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatoa kifungo kirefu, hadi cha maisha, kwa matendo ya kujamiiana inayoyaita kinyume cha maumbile, na mwaka 2017 serikali ilisitisha huduma za VVU katika vituo 40 vya asasi vilivyohudumia makundi maalumu. Vituo hivyo vilipofungwa, mlango uliobaki ulikuwa wa kituo cha umma. Lakini mguu uliovimba hauna kosa mbele ya sheria, na siri ya mgonjwa ni wajibu wa taaluma uliokuwapo kabla ya mijadala hii yote. Muuguzi anayesimulia nyumbani alichokiona chini ya shati la mgonjwa amevunja maadili ya kazi yake, hata kama kijiji kizima kinamuunga mkono. Katika kata kama Kigwa, ambako mhudumu, mwenye duka la dawa na mgonjwa wanaweza kuwa wamesali pamoja Ijumaa au Jumapili iliyopita, siri ikivuja mara moja hakuna mgonjwa wa pili atakayekuja.

Rufaa nayo iandikwe kama rufaa nyingine yoyote. Mgonjwa anayepelekwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, akiwa anashukiwa kuwa na damu iliyoganda, aende na karatasi inayotaja jina la dawa, idadi ya vidonge kwa siku, muda aliotumia, kama anavuta sigara, na mguu upi ulivimba na tangu lini. Vidonge vilivyobaki avibebe ili daktari avione. Yasiandikwe maneno ya kumhukumu, wala habari za nani anaishi naye, kwa sababu hazimsaidii daktari kuchagua dawa ya kuzuia damu kuganda. Akiandikiwa kuacha vidonge hivyo, aelezwe pia kwamba matiti yaliyokwisha kukua hayataondoka kesho yake, kwani hofu hiyo ndiyo inayowarudisha wengi dukani kabla kidonda cha sindano hakijapona.